Tafsiri bila rangi: Mfasiri ana la kujifunza kwa mchonga picha

NENO tafsiri linapotajwa, wengi wetu huwazia lugha mbili na kamusi katikati yake. Mwanafunzi hupewa aya ya Kiingereza, akaambiwa aiandike kwa Kiswahili, kisha mwalimu akapita na kalamu nyekundu kuhesabu maneno yaliyorukwa. Mazoea haya yamekita mizizi kiasi kwamba ukimwambia mtu kuwa picha nayo hutafsiriwa, atakutazama kama unayemtania. Kwani picha ina maneno?

Swali hilo si la mzaha. Roman Jakobson, mwanaisimu mzaliwa wa Urusi, alilishughulikia katika makala yake ya mwaka 1959 kwa kuigawa tafsiri mafungu matatu. Fungu la kwanza ni kueleza jambo upya kwa lugha ile ile, kama tunavyomfafanulia mtoto methali kwa maneno mepesi. La pili ni kuutoa ujumbe katika lugha moja na kuutia katika nyingine, na hii ndiyo tafsiri tuliyoizoea. La tatu ni kuuhamisha ujumbe kutoka mfumo mmoja wa ishara hadi mwingine: riwaya ikawa filamu, hadithi ikawa ngoma.

Makala haya yanahusu kazi iliyo jirani na fungu hilo la tatu. Ni kazi ya kuchukua mchoro wa mandhari uliojaa rangi na kuutoa upya katika chapa ya wino mmoja tu, mweusi au wa kahawia. Fani yenyewe inaitwa mezotinti. Nimeichagua kwa sababu inaanika peupe jambo ambalo tafsiri ya maneno hulificha: mfasiri hanakili. Hujenga upya kwa vifaa vingine, na hana budi kukubali kitu kimoja kipotee ili kingine kipone.

Mezotinti ni nini hasa?

Jina hili limetoka katika Kiitaliano, na maana yake ni nusu rangi, yaani vile vivuli vya katikati vilivyo kati ya weupe na weusi. Kiswahili hakina neno la jadi la fani hii, nami nimelitohoa tu kama tulivyotohoa picha, filamu na kamera. Utohozi si aibu, bora neno linyookee ulimini na kufuata mkondo wa silabi zetu.

Chapa ya kwanza ya aina hii ilitolewa mwaka 1642 na Ludwig von Siegen, Mjerumani aliyekuwa mwanajeshi. Fani ilipofika Uingereza ilishamiri mno hata Wafaransa wakaibandika jina la mtindo wa Kiingereza.

Kazi huanza na bamba la shaba lililo laini. Fundi huchukua chuma chenye ukingo uliopinda kama mwezi mchanga, ukingo ambao umejaa meno madogo madogo. Hukiyumbisha chuma hicho huku na huku juu ya bamba, kisha akageuza upande, akarudia tena na tena kwa siku kadhaa, mpaka bamba zima linajaa vijishimo na chembe za shaba zilizoinuka. Ukipitisha kidole unahisi ukakasi kama wa msasa. Bamba hilo likipakwa wino wakati huo na kupitishwa kwenye mtambo pamoja na karatasi yenye unyevu, hutoa karatasi nyeusi tititi, weusi mzito kama mahameli. Hakuna picha hapo. Ni usiku tu.

Sasa ndipo uchoraji wenyewe unapoanza. Fundi hushika kisu cha kukwangua na chuma cha kusugulia, akaanza kulainisha sehemu anazotaka ziwe na mwanga. Akikwangua kidogo, sehemu hiyo hushika wino kidogo na kutoa kijivu. Akikwangua sana na kusugua mpaka shaba ing'ae, wino haushiki kabisa, na karatasi hubaki nyeupe pepepe. Kwa maneno mengine, mchoraji wa kawaida huanza na karatasi nyeupe akaongeza giza, ilhali fundi wa mezotinti huanza na giza akatafuta mwanga.

Mkazi wa Embulbul, pale kando ya barabara ya kutoka Karen kuelekea mjini Ngong, anaweza kuielewa mezotinti hata bila kuona chapa moja. Na aamke kabla ya mapambazuko, asimame mahali ambapo majengo hayamzibi, aelekeze macho kwenye Vilima vya Ngong. Kwanza ataona giza totoro. Mbingu na mlima ni kitu kimoja. Baada ya muda weusi wa juu utalegea, na mgongo wa vilima utajitenga na anga. Jua likichomoza nyuma yake, mwanga utagusa vilele kwanza, kisha uteremke taratibu, huku makorongo yakibaki na utusitusi wao. Hakuna aliyechora mstari wowote. Mlima umetolewa gizani kwa kuongezwa mwanga tu. Fundi wa mezotinti hufanya kazi hiyo ya jua, ila yeye hutumia kisu.

Walimbwende na mafundi wao

Ulimbwende katika mazungumzo ya kila siku hutukumbusha mashindano ya urembo. Katika taaluma ya sanaa na fasihi, hata hivyo, ni jina la mkondo ulioshika kasi Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Walimbwende walitukuza hisia, upweke na nguvu za maumbile. Wachoraji wao hawakutosheka na kuonyesha kwamba hapa pana mti na pale pana mto. Walitaka mtazamaji asikie upepo, aone mvua inakuja, atishwe na giza la wingu.

Lakini mchoro wa mafuta ni mmoja tu, na unaning'inia katika ukuta mmoja. Kabla ya picha za kamera kuenea, njia kuu ya kuufikisha mchoro kwa watu wengi ilikuwa kuuchonga kwenye bamba na kuuchapa. Na kwa kuwa michoro ya Walimbwende ilitegemea mno mwanga na giza, mezotinti iliwafaa kuliko chapa za mistari.

J.M.W. Turner aliliona hilo mapema. Kati ya mwaka 1807 na 1819 alitoa mfululizo wa chapa za mandhari alizoziita Liber Studiorum. Alikusudia ziwe 100, zikachapishwa 71. Kwa kawaida Turner mwenyewe alitayarisha mchoro wa wino wa kahawia na kutia mistari mikuu kwenye bamba, kisha akawaachia mafundi wa mezotinti kazi ya vivuli. Mmoja wao alikuwa Charles Turner, ambaye hawakuwa na undugu naye. Mabamba mengine Turner aliyatia vivuli kwa mkono wake mwenyewe, yaani alijitafsiri.

Mfano unaogusa zaidi ni wa John Constable na David Lucas. Constable alikuwa mchoraji wa mashamba, mito na mawingu ya Uingereza. Lucas alikuwa mtoto wa mkulima, aliyefunzwa mezotinti na S.W. Reynolds. Walianza kazi ya pamoja mwaka 1829, na kati ya 1830 na 1832 wakatoa kwa mafungu chapa 22 za mandhari ya Uingereza. Hawakutumia shaba bali chuma cha pua, ambacho Thomas Lupton alikuwa ameonyesha mapema katika miaka ya 1820 kwamba kinaifaa mezotinti. Shaba ni laini na chembe zake hulala baada ya kuchapwa mara chache. Chuma cha pua huvumilia.

Kazi haikuwa lelemama. Lucas alichapa nakala ya majaribio, akaipeleka kwa Constable. Constable akaijaza alama za chaki, hapa ongeza mwanga, pale punguza wingu. Lucas akarudi kwenye bamba. Mvutano wa namna hii unafahamika vizuri na yeyote aliyewahi kutafsiri kitabu cha mwandishi aliye hai. Mwandishi anataka kila kitu kibaki. Mfasiri anajua kwamba bamba lake halibebi kila kitu.

Tatizo la rangi nyekundu

Hebu tutazame kwa karibu kitu kinachopotea. Constable alikuwa na tabia ya kutia kidoa chekundu katikati ya kijani kibichi. Katika mchoro wake maarufu wa mwaka 1821, The Hay Wain, wekundu uko kwenye matandiko ya farasi wanaovuta mkokoteni ndani ya maji. Kidoa ni kidogo, lakini ndicho kinachoamsha kijani chote kinachokizunguka.

Sasa mpe fundi wa wino mweusi kazi hiyo. Nyekundu na kijani zaweza kuwa na uzito sawa wa mwanga. Macho huzitofautisha kwa sababu ya rangi, si kwa sababu moja ni angavu kuliko nyingine. Ukiondoa rangi, zote mbili huwa kijivu kile kile, na kidoa kikamezwa na majani.

Hapa Kajiado mfano tunao mlangoni. Mchungaji aliyejifunga shuka nyekundu akiwa mbali nyikani wakati wa masika huonekana waziwazi dhidi ya nyasi. Tazama picha ya mchungaji huyo huyo katika gazeti la zamani lililochapwa bila rangi. Mara nyingi itakubidi umtafute. Shuka imekuwa kijivu, nyasi nazo kijivu, na mtu ametoweka. Kamera haikudanganya hata chembe. Ilinakili mwanga kwa uaminifu wote, na kwa uaminifu huo ikampoteza mtu.

Fundi hodari hafanyi hivyo. Anajiuliza kwanza: wekundu huu unafanya kazi gani katika mchoro? Kazi yake ni kulivuta jicho. Basi yeye, asiye na wekundu, atalivuta jicho kwa njia aliyo nayo. Atazilainisha nyasi zilizo nyuma ya shuka ziwe nyeupe kidogo, shuka aiache iwe nzito. Amebadilisha nyasi ambazo mchoraji hakuzichora hivyo, lakini amemrudisha mchungaji mahali pake. Nani mwaminifu zaidi, kamera au fundi?

Jaribio kubwa la Lucas lilikuwa upinde wa mvua. Mwaka 1831 Constable alichora kanisa kuu la Salisbury likiwa chini ya wingu zito, na upinde wa mvua ukiwa umepita juu yake. Lucas aliuhamisha mchoro huo kwenye bamba kubwa la mezotinti. Upinde wa mvua ni rangi tupu. Ukiziondoa rangi zake umeondoa nini kama si wenyewe? Dawa iliyobaki ni ule mkanda wa mwanga unaokata weusi wa wingu, na wingu lenyewe kutiwa giza la kutosha ili mkanda uonekane unachomoza. Anayeitazama chapa hiyo hahitaji kuambiwa kwamba ule ni upinde wa mvua. Constable alifariki mwaka huo huo chapa ilipotolewa, 1837.

Kiswahili na rangi zake tatu

Somo hili linaihusu lugha yetu kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eusi, -eupe na -ekundu. Twasema kitabu cheusi, nguo nyeupe, maua mekundu. Rangi nyingine zote tumezipata kwa kuazima au kwa kutaja kitu. Kijani kimetoka kwenye jani, kijivu kwenye jivu, zambarau na chungwa ni matunda, manjano ni kiungo cha mchuzi. Ndiyo maana hatusemi kitabu kimanjano. Twasema kitabu cha rangi ya manjano.

Isitoshe, rangi hizo tatu ndizo zenye tanakali zake mashuhuri: nyeusi ti, nyeupe pe, nyekundu ndu. Nani amewahi kusikia tanakali ya zambarau?

Je, huu ni umaskini? Hapana. Tazama upande wa mwanga uone utajiri. Tuna alfajiri, mapambazuko, macheo, adhuhuri, alasiri, machweo, magharibi, utusitusi, kiza, giza totoro, mbalamwezi. Mwandishi wa Kiswahili anayeitafsiri riwaya ya Kizungu iliyosheheni majina ya aina kumi za buluu hana sababu ya kuhangaika kutafuta buluu kumi. Anaweza kufanya alivyofanya Lucas: kilichosemwa kwa rangi akakisema kwa mwanga. Bahari ya asubuhi na bahari ya jioni hutofautishwa vizuri mno na maneno macheo na machweo, pasipo kutaja buluu hata moja.

Wataalamu wetu wa tafsiri, kama Hermas Mwansoko katika kitabu Kitangulizi cha Tafsiri, wametufunza kuzungumza juu ya matini chanzi na matini lengwa. Mchoro wa Constable ni matini chanzi; chapa ya Lucas ni matini lengwa. Kati ya hizo mbili pana maamuzi, na maamuzi hayo ndiyo kazi yenyewe.

Mwalimu Nyerere na bamba lake

Tuchukue mfano wa maneno matupu. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya kwanza ilitoka mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Ya pili, ya mwaka huo huo wa 1969, ni Mabepari wa Venisi.

Tazama jina hilo la pili. Katika Kiingereza mfanyabiashara anayetajwa kwenye jina la tamthilia ni mmoja. Kwa Nyerere wamekuwa wengi. Tena hakusema wafanyabiashara wala wachuuzi, alisema mabepari. Neno bepari tulilipata kutoka lugha za Bara Hindi, na hapo awali lilimaanisha mfanyabiashara tu. Lakini kufikia 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, bepari lilikuwa neno zito. Lilimtaja mwenye mali anayenyonya jasho la wengine.

Kwa hiyo Nyerere alipata neno lenye vivuli viwili. Mwenye kutaka maana ya zamani aliipata, na mwenye kusikia siasa za wakati ule alizisikia. Pia, kwa kulifanya neno liwe la wingi, alimlazimisha msomaji ajiulize mabepari ni akina nani: ni yule mkopeshaji peke yake, au ni wote wanaohesabu pesa katika mji ule? Ukikagua kwa rula, hiyo si nakala sahihi. Ukikagua kwa jicho, ni kama zile nyasi zilizolainishwa nyuma ya shuka. Mfasiri ameongeza mwanga mahali alipotaka tuangalie.

Hapa pia pana hatari yake, tusijidanganye. Mwenye kisu cha kuongeza mwanga aweza kuumulika upande mmoja hata mwingine ukafa. Ndiyo sababu inafaa tujue aliyeshika kisu ni nani.

Ngong, jicho lililochongwa

Nchi hii ya Kajiado nayo imewahi kutafsiriwa, picha zake na majina yake pia. Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson alipitia Umaasaini kwa niaba ya Shirika la Kifalme la Jiografia la London. Alisafiri na wapagazi kutoka pwani, na sehemu ya njia akaandamana na Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa pembe wa Pangani aliyeijua njia hiyo kumshinda. Kitabu chake, Through Masai Land, kilitoka mwaka 1885 kikiwa na picha zilizochongwa kwenye mbao.

Kwa nini mbao, si mezotinti? Sababu ni ya kiwandani. Bamba la mezotinti hushika wino ndani ya vijishimo vyake, kwa hiyo lahitaji mtambo wake wenyewe na karatasi yenye unyevu. Kipande cha mbao hushika wino juu, sawasawa na herufi za chapa. Basi picha na maneno hufungwa pamoja na kuchapwa kwa mpigo mmoja, na kitabu kikawa nafuu. Hata hivyo, mbao na mezotinti wana undugu: kipande cha mbao ambacho hakijaguswa hutoa weusi mtupu, na kila mkato wa kisu ni mwanga.

Mlolongo ulikuwa mrefu. Msafiri huchora au hupiga picha, mchoraji wa mjini huipanga upya, mchongaji huikata, mchapaji huipiga. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kitabu cha John Speke cha mwaka 1863. Picha zake nyingi zilitokana na michoro ya mwenzake James Grant, kisha zikachorwa upya London na Johann Baptist Zwecker, Mjerumani. Msomaji wa London alipoziangalia aliamini anaiona Afrika. Alichokiona kilikuwa tafsiri ya tafsiri.

Majina nayo yalipita njia hiyo hiyo. Thomson aliandika kwamba alifika Ngongo-a-Bagas. Neno la Kimaasai enkong'u maana yake ni jicho, na pia ni chemchemi. Hapa Mswahili hana haja ya kufafanuliwa, kwa kuwa naye huita chemchemi jicho la maji. Maelezo yanayosikika sana leo ni kwamba jina Ngong limetoka kwa enkong'u e muny, yaani chemchemi ya kifaru. Bagas au kifaru, kote mbili mwanzo ni jicho. Kule Amboseli, katika kaunti hii hii, kuna kinamasi kiitwacho Enkongo Narok, na narok ni nyeusi.

Sasa fuata safari ya neno. Enkong'u ikawa ngongo katika kitabu cha msafiri, kisha ikabaki Ngong kwenye ramani na kwenye mabango ya matatu. Kila mkono ulikwangua kidogo. Sauti ilibaki, jicho likafutika. Abiria anayeshukia Embulbul hutaja Ngong kila siku bila kujua kwamba anataja macho na maji. Hii ni tafsiri ya kunakili sauti, iliyo sawa na ile kamera iliyompoteza mchungaji.

Karen Blixen, aliyelima kahawa chini ya vilima hivi, alichukua njia tofauti. Kitabu chake cha kumbukumbu za shamba lile alikiandika kwanza kwa Kiingereza, kisha akakiandika upya kwa Kidenmaki, lugha aliyozaliwa nayo, na matoleo yote mawili yakatoka mwaka 1937. Hakutafsiri sentensi kwa sentensi. Alijua kwamba kilima kile kile katika lugha nyingine kinahitaji mwanga mwingine, kama Turner alivyojua aliposhika bamba mwenyewe.

Jina chini ya chapa

Limebaki jambo moja, nalo lahusu haki. Ukiitazama chapa ya zamani kwa makini, utaona maandishi madogo chini ya picha. Upande wa kushoto huwa jina la mchoraji, likifuatwa na neno la Kilatini pinxit, yaani alichora. Upande wa kulia huwa jina la fundi, likifuatwa na sculpsit, yaani alichonga. Karatasi moja, majina mawili. Kila aliyeinunua alijua kuna aliyebuni na kuna aliyetafsiri.

Jina hilo halikumtajirisha Lucas. Chapa zake na Constable hazikununuliwa sana, na mwaka 1881 alifia katika nyumba ya maskini huko Fulham, London. Lakini kwa sababu jina lake lilichapwa pale chini, leo tunaweza kumtaja, tukalinganisha mkono wake na mkono wa Constable, tukasema hapa alipatia na hapa alizidisha.

Je, sisi? Karatasi ya maelezo ndani ya pakiti ya dawa, mwongozo wa kupiga kura, tangazo la benki, hotuba iliyotolewa kwa Kiingereza na kusomwa kwa Kiswahili: vyote hivyo vimetafsiriwa na mtu. Jina lake liko wapi? Mara nyingi halipo, na malipo yake huhesabiwa kwa ukurasa, kana kwamba alikuwa mashine ya kutoa fotokopi. Mtu akiamini kazi ni kunakili, atailipa kama kunakili, na atapata nakala. Mgonjwa anayesoma maelezo ya dawa yasiyoeleweka ndiye anayelipia tofauti hiyo.

Kwa walimu wenzangu, zoezi hili halihitaji vifaa. Wapeni wanafunzi picha ya rangi ya Vilima vya Ngong, au watoeni nje wavitazame. Waambieni waandike aya moja inayovieleza, kwa sharti kwamba wasitumie jina la rangi hata moja. Mwanzoni watalalamika, ati haiwezekani. Kisha mmoja ataandika kuhusu kivuli cha wingu kinachotambaa kwenye mteremko, mwingine kuhusu mapanga ya mitambo ya upepo yanayometa yakigeukia jua. Wakimaliza, waulizeni ni nini kimepotea, ni nini kimebaki, na wameamuaje. Hapo watakuwa wameifanya kazi ya mfasiri. Na kila mmoja aandike jina lake chini ya aya, upande wa kulia.